Kichwa cha Udongo cha Scovia

Haya yalimpata rafiki yangu Scovia pale Homa Bay, mwaka wa tisini na saba, na mimi nina mtoto mchanga, hata kuandika naogopa. Scovia alifinyanga kichwa cha udongo, laini, bila macho wala mdomo, ili siku ya ukumbusho picha ya marehemu mama mkwe wake, Aloo, imulikwe juu yake kwa projekta huku kaseti ya nyatiti, kinanda cha Kijaluo, ikicheza.

Mchana mmoja akaziba madirisha kwa blanketi, ajaribu projekta na kaseti. Uso ukatokea kwenye udongo. Mtoto wake alikuwa mkekani, akilia tangu asubuhi.

“Wee mama, unaishinda hata kaseti!” Scovia akamtania mtoto.

Kwetu mtoto asiyenyamaza hutajiwa majina ya marehemu, na linalomnyamazisha ndilo lake. Basi akamtaja nyanya yake kwa mzaha, “Ama ni wewe, dani Aloo?”

Mtoto akanyamaza. Stima nayo ikapotea, kaseti ikakatika. Gizani mtu akauendeleza ule wimbo, kwa kuguna tu, chini, pale mkekani.

Scovia akaling'oa blanketi. Kichwa kilikuwa mezani, kikavu. Mtoto alikuwa anacheka, na kwenye paji la uso wake palikuwa na alama ya midomo, ya udongo mbichi.