Nukta Kumi na Nne za Shahinaz

— Na hii nukta ya kumi na nne ni ya nini?

Rabab aliishikilia karatasi mbele ya pua ya mumewe. Kila Jumamosi, sebuleni kwao mtaani Shubra, Ustadh Wagdi alifundisha hati za Kiarabu, na mkewe alikuwa mmoja wa wanafunzi. Karatasi hiyo ilikuwa ya Shahinaz, mwanafunzi mwenzake, naye Wagdi alikuwa ameijaza nukta za wino mwekundu, moja kwa kila kosa.

— Ya kipimo. Herufi yake ya alif imezidi urefu.

— Na hapa?

— Mkia wa herufi nun umelegea. Kwani kuna nini, Rabab?

— Kuna nini! Mimi miaka miwili unaniandikia neno moja: "Nzuri." Hata paka wa jirani unamwambia hivyo!

— Unaona wivu kwa makosa ya mtu?

— Naona wivu kwa macho yako! Mtu haoni mkia uliolegea mpaka autazame sana.

Wagdi akavuta karatasi nyingine ya kusahihisha, na hilo likamponza.

Rabab alifunga begi huku machozi yakimtoka. Hata hivyo, hasira zote zile hazikumfanya aage kwa mwandiko mbovu. Alichonga kalamu ya tete, akachukua karatasi bora, akaandika kwa thuluth, ile hati kubwa ya mapambo: "Nimeondoka. Baki na Shahinaz wako." Akaibandika kwenye friji na kupanda treni ya Tanta.

Kesho yake mchana alikuwa Tanta kwa mama yake, wanakata bamia, simu ikalia. Wagdi ametuma picha. Ilikuwa ile barua ya kuagana, imejaa nukta na maelezo ya wino mwekundu.

"Umeanza kwa pupa, kalamu haijashiba wino. Shahinaz umemwandika mkubwa kuliko maneno mengine yote, hastahili. Mwishoni umebana mno, hukuniachia pa kujibia."

Rabab akapiga.

— Miaka miwili ulikuwa wapi na haya?

— Nilikuwa naogopa. Nilipokusahihisha mara ya kwanza, ulinipikia mboga ya molokhia bila kitunguu saumu wiki nzima!

Rabab akacheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

— Na Shahinaz?

— Ana mtihani wa ijaza mwezi ujao, apate kibali cha kufundisha hati. Yeye nilitaka afaulu tu. Wewe nilitaka usiniache, ndiyo maana nikawa nakusifu. Nimekukosea, mke wangu. Mkono wako ni mzuri kuliko wake, na mimi nimeuchelewesha.

— Ukiandika "nzuri" tena, sirudi.

— Siandiki. Rudi tu.

Rabab alikata simu, akaikuza ile picha kwa vidole, midomo ikichezacheza.

— Unahesabu nini wewe? mama yake akauliza.

— Nukta nyekundu, Mama.

— Ziko ngapi?

— Kumi na tisa. Shahinaz alipata kumi na nne tu.

Akaacha bamia zake pale pale, akaenda kufunga begi.