Bi Akiba Hajaelewa

Siku Twahiru alipokanyaga kitenge cha Lisette, alijitetea kwamba soko la Ruvumera lilikuwa limejaa hata pa kuweka mguu hapakuwepo. Uongo mtupu. Pa kuweka mguu palikuwepo, ila macho yake yalikuwa kwenye simu.

"We kaka, simama hapo hapo," alisema Lisette. "Usiongeze mguu mwingine."

Twahiru akatazama chini. Kiatu chake cha gereji, chenye oili ya tangu asubuhi, kilikuwa katikati ya kitenge cha manjano kilichotandazwa juu ya turubai. Akauinua mguu polepole. Alama ilibaki pale, nyeusi na kamili.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa naandikia mutu."

"Mutu gani huyo anakufanya usione dunia?"

"Si mutu, ni mashini. Iko mu WhatsApp, wanaiita Bi Akiba. Inatafuta pensheni za wazee zenye zilipotea. Baba yangu alikufa, gereji alitumikaka kazi ikafungwa, na mama hajapata kitu."

"Na anakujibu nini, huyo bibi?"

Twahiru akasoma kwa sauti kile Kiswahili cha redio: "'Samahani, sijaelewa. Tafadhali chagua moja, mbili au tatu.'"

Lisette akacheka, na pengo dogo la meno yake ya mbele likaonekana. Alivaa fulana nyeupe na kitenge cha zambarau kiunoni, nywele kazisuka mistari myembamba. Twahiru, aliyesimama ndani ya ovaroli yake ya buluu, akasahau kwamba alikuwa na haraka.

"Hiki utanunua," Lisette akamwambia.

"Nanunua. Lakini uniwekee, nitakuja kukichukua kesho. Na kama kesho sikukichukua, nitakuja keshokutwa kukuambia ju ya nini."

Lisette alikuwa binti wa watu wa Uvira, kule Congo, na vitenge vyake alivifuata mwenyewe mpakani Gatumba. Maneno ya wanaume alikuwa ameyasikia njia nzima. Haya lakini aliyakunja pamoja na kitenge, akayaweka chini ya meza.

Keshokutwa Twahiru akaja, na siku zilizofuata pia. Kitenge hakukichukua. Akiwa hayupo, alipiga simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula samaki ya ndagala."

"Na mi umeniwekea?"

"We njoo uchukue kitenge yako, usinitafutie sababu."

"Nikikichukua, nitarudi na sababu gani?"

Mchana mmoja Twahiru alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya meza ya Lisette wakati simu ilipolia. Ni Bi Akiba. Twahiru alikuwa anamtafutia mama yake kwa siri; alitaka siku moja tu amwambie, mama, pensheni ya baba hii hapa. Akasoma, Lisette akichungulia begani kwake.

"'Nimepata rekodi mbili kwa jina la baba yako, Massoudi Ramazani. Ya kwanza, gereji. Ya pili, kiwanda cha sabuni, Quartier Industriel. Je, baba yako alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni? Bonyeza moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana.'"

"Alitumika mu sabuni?" Lisette akauliza.

"Apana. Baba alizeekea gereji. Iko Massoudi mwingine."

"Lakini ukibonyeza moja, pensheni ya mama itapanda."

"Itapanda. Halafu? Ni jasho ya mutu, cherie. Nikikula hiyo ni haramu."

Akabonyeza mbili. Bi Akiba akajibu papo hapo: "'Asante kwa uaminifu wako. Rekodi ya pili imefutwa.'"

Hapo ndipo Lisette alipompenda, na si kwa nusu tena. Aliona kijana anayeacha mali akiwa peke yake na simu, bila shahidi ila muuza vitenge.

"Papa yangu naye alitumikaka mu sabuni, kiwanda ile ile," akasema. "Muulizie basi. Jina yake Musafiri."

Twahiru akaandika. Samahani, Bi Akiba hakumpata mtu huyo.

"Ataacha kumuona vipi? Papa amezeekea pale."

"Twende tumuulize mwenyewe. Na mi anione," Twahiru akasema.

Mzee Musafiri aliwapokea kwake Carama, uani. Alikuwa mwembamba, na mikono yake ilikuwa na mabaka meupe ya soda ya sabuni yasiyotoka tena. Kwamba kijana ni wa dini nyingine, Mwislamu, hakukumsumbua. Alimkaribisha fanta, akamuuliza ni wa nani.

"Wa Massoudi Ramazani, mzee. Wa Buyenzi, yule fundi."

Mzee akatabasamu kama aliyeletewa habari za ndugu. Twahiru akajiona amepokewa, na kwa kutaka kupendwa zaidi akasimulia yote: Bi Akiba, rekodi mbili, jinsi shetani alivyomshawishi na jinsi alivyobonyeza mbili. "Sikutaka kukula jasho ya mutu, mzee."

Musafiri alikuwa anamiminia mgeni fanta. Akaiweka chupa chini.

"Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. Akaingia chumbani, akafunga mlango, na mgeni akaondoka bila kuagwa.

Kesho yake Lisette alipiga simu kutoka sokoni. Sauti haikuwa yake.

"Papa amenieleza. Alipokimbia vita ya Congo, kiwanda haikupokea mutu asiye na karata ya kitambulisho ya hapa. Papa na baba yako walikuwa majirani. Baba yako akampa karata yake, akamuambia, jina si nguo, haitapasuka ukivaa. Miaka yote papa alitumika akiitwa Massoudi. Baba yako alimuahidi atachukua ile pensheni na kumupa mu mukono. Halafu akatangulia kufa."

Twahiru alikuwa chini ya gari. Akatoka, akakaa kwenye mchanga wenye oili.

"Lisette, wallahi sikujua."

"Papa anasema mama yako alijua."

"Sijamuambia mama kitu. Nilitaka—"

"Ee, haukumuambia. Uliogopa atakukataza. Ulijua ile kazi ni ya papa, Twahiru. Ukanikalisha pale nikusifu."

Akakata. Twahiru akapiga tena na tena, simu ikalia bila kupokelewa.

Mama yake, Mwantum, alikuwa anachagua mchele mkekani. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, ungo ukiwa mapajani.

"Musafiri wa sabuni," akasema. "Baba yako alikuwa anacheka kila asubuhi akivaa viatu. Saa hii, anasema, kapita, ule musimamizi, ananiita kwenye mulango ya kiwanda, na Musafiri anaitika *présent*, niko. Ungeniuliza, mwanangu."

"Nilitaka nikufurahishe."

"Najua," akasema Mwantum, na machozi yakadondokea mchele.

Twahiru akarudi kwa Bi Akiba. Akaandika: nilikosea, mwenyewe amepatikana. Samahani, sijaelewa. Akaandika: baba yangu alimwazima rafiki yake jina. Samahani, sijaelewa, chagua moja, mbili au tatu. Moja ilikuwa ya anayetafuta pensheni yake, mbili ya mzazi, tatu ya kurudi mwanzo. Alirudi mwanzo hata dole gumba likauma.

Akaenda ofisi ya pensheni. Karani aliyempokea hakuwa mtu mbaya. Alivua hata miwani ili amsikilize.

"Unasema baba yako alitumika gereji. Tukirudisha hii, alitumika pia mu sabuni, siku zile zile. Mutu mumoja mahali pabili?"

"Si yeye. Ni mwingine alivaa jina yake."

"Basi huyo mwingine aje na karatasi ya kiwanda yenye jina yake mwenyewe."

"Haiko. Jina yake haikuandikwa mahali popote."

"Ndio hivyo, unaona," karani akasema kwa huruma, akaivaa miwani yake.

Twahiru akatoka, akaegemea ukuta, akalia mbele za watu ndani ya ovaroli. Kusema ukweli kulimnyang'anya mzee jasho lake, na sasa si ukweli wala si uongo ulioweza kumrudishia. Hakujua mtu anafanya nini akifika hapo. Miguu ikampeleka Ruvumera.

Lisette alipomwona alitazama kando. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kitenge cha manjano.

"Chukua kitenge yako."

"Sichukui."

"Twahiru, chukua uende."

"Nimetoka ofisi. Nimewaambia yote. Hakuna kitu naweza kufanya, Lisette. Hakuna hata kimoja. Nimekuja ju sina pengine pa kwenda."

Lisette akayaona macho yake mekundu. Akakikumbatia kitenge kifuani.

"Mi ndio nilikusifu," akasema polepole. "Nilikaa hapa, nikaona ukibonyeza, nikafurahi. Nikikasirika na we, nikasirike na mi pia. Nimechoka kukasirika."

"Na papa?"

"Hatoki chumbani. Anasema sasa ni mutu ambaye hakutumika."

Kwa desturi posa hupelekwa na wanaume. Jumapili iliyofuata Mwantum alivaa baibui yake nzuri na mtandio wa kijani, akamchukua mwanawe tu, wakaenda Carama kuposa. Musafiri alitolewa chumbani kwa kubembelezwa. Aliketi kitini, mikono ile ya mabaka kaificha kwapani.

"Wanaume wenu wako wapi, mama?" akauliza.

"Mwanaume wangu alikufa, unajua. Lakini jina yake aliiacha kwa mutu. Nimekuja kumuomba huyo mutu asimame upande ya kijana."

Mzee akamtazama, asijue kama anachezewa. "Mi ni baba ya binti. Nitasimama pande mbili vipi?"

"Ulisimamaka pande mbili miaka yote ile. Leo imekushinda?"

"Ile imefutwa, mama. Mashini imefuta. Mi sikutumika."

Mwantum hakumbishia. Alijinyoosha, akakohoa kidogo, akaita kwa sauti ya kapita wa mlangoni:

"Massoudi Ramazani!"

"*Présent*," akasema mzee, na alikuwa ameshasimama.

Hakuna aliyecheka. Mzee alibaki wima, mikono imetoka kwapani, na machozi yakimteremka bila kuyapangusa. Lisette alikuwa mlangoni na sinia ya chai, amejifunga kitenge cha manjano, alama ya kiatu ikionekana wazi pajani.

Simu ya Twahiru ikalia mfukoni. "'Je, umeridhika na huduma ya Bi Akiba? Bonyeza moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana.'"

Twahiru akaishika, asijue aifanye nini. Lisette akaweka sinia chini, akamtoa ile simu mkononi, akaizima.

"Muache," akasema. "Huyo hata tukimueleza hataelewa."

Pensheni ile haikurudi, na hairudi. Mzee alilijua hilo kuliko wote waliokuwa uani. Alijipangusa uso kwa kiganja, akamgeukia Mwantum.

"Haya. Baba ya kijana anauliza mahari ni ngapi."

"Muulize baba ya binti," Mwantum akasema.

"Baba ya binti hana kitu ya arusi. Anaona haya."

"Basi mwambie akae chini, anywe chai. Tumekuja kumtoa haya."

Musafiri akakaa. Lisette akammiminia wa kwanza.