Mfuaji wa Kisima cha Dunarrach

Lachlan Geddes alilipa kiingilio kama mgeni yeyote, ingawa alizaliwa bondeni, chini ya kasri lile lile la Dunarrach. Jua la Novemba lilikuwa likizama. Vibarua wa kiangazi walikwisha kwenda zao, na tiketi alizikata mwenye kasri mwenyewe, Ranald Moncur, mjukuu wake Morven akiwa amemng'ang'ania mguuni.

"Lachlan! Leo umekuwa mtalii?" Ranald alicheka. "Haya, karibu. Mizimu tunaonyesha bure."

"Nataka kuona bustani tu."

"Bustani gani, mzee? Mawaridi yenyewe yamebaki miiba. Nenda, lakini giza likiingia nafunga geti. Nikikusahau utalala na mabibi zangu waliokufa."

Lachlan hakucheka. Mfukoni mwa koti, vidole vyake vilikishika kipande cha gauni la kulalia la Effie, mkewe.

Nyuma ya ua wa mawaridi kulikuwa na kisima, na kando yake mti. Tangu enzi za mababu, mgonjwa wa bonde lile hukata kitambaa katika nguo iliyogusa mahali panapomuuma, akakichovya kisimani na kukifunga mtini. Kitambaa kikioza, ugonjwa nao huoza. Anayekifungua kabla ya hapo huubeba yeye.

Effie alifunga chake mwanzoni mwa machipuko. Kikohozi kikapungua. Akala, akaanza tena kuimba jikoni. Kisha Ranald akasema matambara yale yanaharibu picha za wageni. Lachlan alipanda kumsihi, naye akamcheka: "Uchawi wa vikongwe, ndugu yangu!" Matawi yakakatwa kwa msumeno, yakachomwa na vitambaa vyake. Hakuna mkono uliogusa fundo, na ugonjwa ukakosa wa kumwendea. Ukarudi kwa mwenyewe.

Effie alizikwa Agosti.

Sasa Lachlan alichovya kipande kile, kilichotoka kifuani pa gauni alilofia, akakifunga kwenye tawi lililosalia. Alimjua Ranald. Kila jioni huzunguka bustani kabla ya kufunga, na hawezi kuona taka moja bila kuiokota.

Alijibanza nyuma ya ua, akangoja.

Pwa...

Pwa...

Kwanza alidhani ni maji yanadondoka. Kisha akasikia harufu ya tope na ya nguo zilizokaa mbichi siku nyingi. Mwanamke alikuwa amechutama kisimani, amempa mgongo, anapiga nguo juu ya jiwe. Miguu yake ilikuwa mitupu. Kati ya vidole palikuwa na ngozi, kama ya bata.

Nywele zilimsimama Lachlan. Bibi yake aliwahi kumweleza: mfuaji huyu hufua nguo ya mtu ambaye kifo kimeshamchagua. Lakini mtu akisimama kati yake na maji, mfuaji hana budi kuiacha, na mwenye nguo hupona.

Lachlan alikaribia kidogo. Moyo ulimdunda kwa furaha.

"Unafua ya nani?" alinong'ona.

"Tazama mwenyewe."

Aliinua nguo. Ilikuwa sweta nyekundu. Mkono wa sweta ulikuwa mfupi, usiozidi shubiri moja.

Lachlan aligeukia mti.

Tawi lilikuwa tupu.

"Babu! Nimeokota utepe!" Sauti ya Morven ilitoka upande wa pili wa mawaridi. "Ulifungwa kule mtini, nikaufungua mwenyewe!"

"Lo, umekuwa malkia! Njoo nikufunge nywele nao," Ranald alijibu, akacheka.

Kicheko kile kile.

"Hatua mbili tu, Lachlan," mfuaji alinong'ona bila kugeuka. "Simama hapa, nami nitaiacha."

Alizipima kwa macho. Nyasi zilikuwa fupi, njia nyeupe. Akamkumbuka Effie usiku ule wa mwisho, amekaa kitandani kwa sababu kulala kulimnyima pumzi, akiuliza kama kitambaa chake bado kipo mtini. Na yeye akimjibu kwamba kipo.

Hatua mbili.

Pwa...

Pwa...

Alisimama palepale mpaka sweta ilipokamuliwa na kuanikwa juu ya miiba. Alipopepesa macho, kisimani hapakuwa na mtu.

Getini Ranald alimngoja, amembeba mtoto. "Vipi, umeuona mzimu?"

"Sikuona kitu."

Ranald alisita. "Lachlan... mazikoni sikuja. Sikujua nikutazame vipi. Nisamehe, ndugu yangu."

Morven alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili, kisha pumzi iliyokwama kidogo kabla ya kutoka. Lachlan alikijua. Alilala kando yake mwaka mzima.

"Baridi hii," Ranald alisema, akimfunga vifungo.

"Mfunge vizuri," Lachlan alisema. "Baridi ya Novemba ni mbaya."

Akateremka bondeni. Nusu ya njia aligundua, na hilo halikumshtua kama lilivyopaswa, kwamba kwa mara ya kwanza tangu Agosti alikuwa na njaa.