Jua Lililolala Mwaka Mzima

Kila alipotoka shule, Msafiri aliokota kwanza pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake, ndipo akaenda kucheza. Jina hilo walimpa wenzake kwa jinsi alivyokipenda kitabu kikubwa cha nchi za dunia. Darasa lilikuwa na nakala moja tu. Kilizunguka nyumba hadi nyumba, kila mwanafunzi akisoma sura yake na kuwasimulia wenzake.

Zamu yake ilipofika, alipewa sura ya nchi za baridi, kaskazini kabisa mwa dunia. Lakini jioni ile mchezo wa kamba ulinoga, na baadaye usingizi ukamzidi. Aliangalia picha tu: theluji, watu waliojifunika manyoya, wanyama wenye pembe kama matawi, na mbingu nyeusi. Kesho yake, mwalimu akiwa ameitwa ofisini, alisimama mbele ya darasa akamwaga maneno.

"Huko jua halichomozi kamwe. Watoto wanalala mwaka mzima."

"Na shule je?" aliuliza rafiki yake Kasuku, ambaye hakuna swali lililompita.

"Shule ya nini, na watu wamelala?"

Darasa likavunjika mbavu. Nyumbani alimsimulia mama yake hayohayo, tena akatia chumvi.

Mama alikuwa mwanafunzi pia. Aliacha shule akiwa mdogo, na sasa alihudhuria masomo ya jioni. Huko alikaa nyuma kabisa, na hata siku moja hakuwahi kunyoosha mkono.

Siku chache baadaye, Msafiri alimkuta akipiga pasi blauzi yake nzuri huku akiimba kwa sauti ya chini.

"Leo ni jiografia," mama alisema. "Mwalimu anataka mtu aeleze habari za nchi ya mbali. Mwanangu, leo nasimama. Nitawaambia kuhusu jua lisilochomoza, na nitasema binti yangu ndiye aliyenifundisha."

 Msafiri aliwaza watu wazima wakimcheka mama yake, naye akirudi nyuma kabisa, asisimame tena. Mama akavaa viatu. Akashika kitasa cha mlango.

"Mama, usiseme. Sikusoma. Niliangalia picha tu, mengine nimeyatunga."

Mama aliketi taratibu kwenye kiti cha cherehani.

"Hata hao watoto wanaolala mwaka mzima?"

"Hata hao."

"Nami nilikuwa najiuliza, mkojo wanaubana vipi." Mdomo wake ulicheza kidogo. "Kitabu kiko kwa nani?"

"Kwa Kasuku."

"Basi kimbia. Afadhali nichelewe nikiwa na la kweli."

Walisoma bega kwa bega, Msafiri akitamka, mama akimsimamisha kila walipofika pagumu. Kumbe huko kaskazini, wakati wa baridi jua hukaa siku nyingi bila kuonekana. Kiangazi nacho kikifika, halitui hata usiku wa manane, na watu hufunga mapazia mazito ili walale. Na watoto huenda shule, taa zikiwaka.

Mama aliporudi, Msafiri alimngoja mlangoni.

"Nimesimama," mama alisema. "Nimesimama mbele ya wote. Muuza mkaa tunayesoma naye akaniuliza, sasa kiangazi wanalalaje? Nikamwambia wanafunga mapazia mazito. Mimi nikihamia huko, mwanangu, kwa kushona mapazia tu tutatajirika."

Walicheka wakiegemea cherehani mpaka pini zikamwagika tena.

Asubuhi Msafiri aliomba nafasi, akalieleza darasa kwamba alidanganya, kisha akasimulia aliyoyasoma.

"Kwa hiyo shule ipo?" aliuliza Kasuku.

"Ipo."

"Pole zao."

Mwalimu alisubiri kicheko kipungue.

"Watu wa mbali ni watu kama sisi," alisema. "Ukiwazushia maneno, unawakosea wao, na unamkosea anayekuamini. Msafiri amesema kweli hata alipoona haya, na hilo limenifurahisha. Lakini safari ijayo, soma kwanza, picha baadaye."