Tofali za Kasulu na Tofali za Murungu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda sokoni kuuza maharage, Theodosia aliingia kwanza katika nyumba yake mpya.

Nyumba hiyo haikuwa na ukuta hata mmoja. Ilikuwa mistari ya majivu tu, imechorwa kwenye udongo mwekundu nyuma ya vibanda vyao vya nyasi. Lakini Theodosia hakukanyaga mistari. Alipita pale palipoachwa wazi pawe mlango. Alisimama sebuleni, akatazama upande wa dirisha. Ukungu wa Murungu ulipita taratibu katikati ya nyumba, wala haukubisha hodi.

"Mwakeye, mama Rosa," mumewe Venanti alimsalimu akiwa nje ya mistari. "Umelalaje humo?"

"Nimelala vizuri. Futa miguu ndiyo uingie."

Venanti akafuta miguu, akaingia. Ndivyo walivyoishi miezi ile ya kiangazi, watu wazima wawili wanaocheza nyumba kama watoto. Raha ya ndoto ni kwamba haidai kodi.

Chumba cha upande wa kulia kilikuwa cha Bibi Jeanne, mama yake Venanti. Bibi alitoka Burundi akiwa msichana. Aliolewa hapa, akazaa hapa, akawa raia hapa. Miaka yote hiyo hakuwahi kulala chini ya bati. Kibanda chake sasa kilikuwa kimeliwa na mchwa. Msimu wa mvua uliopita kilivuja mpaka Bibi akaugua kifua, akalazwa hospitali. Siku aliporudi, Theodosia alimshika mkono akamwambia, "Mama, mvua ijayo haitakugusa." Alisema hivyo mbele ya majirani, na ahadi ni deni.

Hesabu ya nyumba ilikuwa fupi mno. Nsengimana, binamu yake Venanti, alikuwa amejenga Kasulu mjini. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na sebule, kama hii waliyoichora. Tofali elfu mbili na mia tano zilimtosha.

"Basi sisi tufyatue elfu tatu," alisema Venanti. "Tusije tukaumbuka."

Fundi wao, Castory, alikuja akaitazama ile mistari. Akafumba jicho moja.

"Zinatosha," alisema.

Castory alikuwa na mikono mizuri sana ya kazi. Ila hesabu zake zote alizifanya kwa hilo jicho moja.

Basi Venanti akachukua kibao chake cha kufyatulia, akafyatua tofali. Zikakauka, zikapangwa tanuru, zikachomwa. Msingi wa mawe ukawekwa, na kuta zikaanza kupanda kwa tope la udongo. Theodosia aliporudi sokoni jioni alizipapasa kwa kiganja. Wakati mwingine aliegemea ukuta wa sebule, akafumba macho, akasikia wageni wakicheka na vikombe vikigongana. Hapakuwa na mgeni wala kikombe. Palikuwa na yeye, na harufu ya udongo mbichi.

Jioni moja alikuta mafundi wamekaa. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa chini ya madirisha, pande zote za nyumba. Pembeni lilibaki fungu dogo la tofali.

"Zile nyingine ziko wapi?" aliuliza.

"Ndizo hizo," alijibu Venanti. Leo hakuwa na utani.

Castory alijikuna shingo. "Mama Rosa, tuchukue hela ya bati tununue tofali. Kuta zikiisha, bati tutapaua mwakani."

"Na Bibi alale wapi?"

Castory akainua macho. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri. Theodosia aliyaona, akakumbuka ile ahadi.

Wakati huo Yasmini alikuwa akipita na kapu lake, amekuja kununua maharage. Yasmini alikuwa jirani yao, mwenyeji wa Tanga. Alifundisha ujenzi katika chuo kimoja cha ufundi wilayani. Alizitazama kuta, kisha akalitazama lile fungu.

"Jamani, kulikoni? Mbona nyuso kama za matanga?"

Wakamweleza.

"Hiyo elfu tatu mliipataje?"

"Nsengimana alitumia elfu mbili na mia tano," alisema Venanti. "Sisi tukaongeza."

"Na tofali za Nsengimana zina ukubwa gani?"

Wakatazamana. Hilo hakuna aliyewahi kuliuliza.

Venanti alipiga simu Kasulu. Nsengimana akatoka nje na futikamba, akapima tofali lililobaki nyuma ya jiko lake. Lilikuwa na urefu wa sentimita thelathini na kimo cha kumi na nne. Yasmini akapima tofali la Venanti. Urefu ishirini, kimo saba.

"Sasa tusibishane, tuone kwa macho," alisema Yasmini. "Ila tutumie macho yote mawili, fundi Castory."

Castory akacheka. Hakuwa mtu wa kununa.

Yasmini alipima chini mraba wa mita moja kwa mita moja. Akapanga tofali ndani yake, ile sura inayoonekana ukutani ikitazama juu. Kati ya tofali na tofali aliacha nafasi ya tope.

"Hesabu, mama Rosa."

Theodosia alihesabu kwa kidole. "Hamsini."

"Kila mita moja ya mraba ya ukuta wenu inakula tofali hamsini. Ukuta wa Nsengimana unakula ishirini tu, maana tofali zake ni kubwa."

Theodosia alizitazama tena. "Kwa hiyo tofali lake moja ni kama za kwetu mbili na nusu."

"Umenena. Nyumba zinafanana, tofali hazifanani. Usiazime hesabu ya mtu kabla hujaona kibao chake."

Kisha akawaonyesha njia. Walipima urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, wakajumlisha. Wakazidisha kwa kimo cha ukuta, wakapata mita za mraba. Wakatoa milango na madirisha, kwa sababu tundu halijengwi. Kilichobaki wakazidisha kwa hamsini. Mwisho Yasmini aliwaambia waongeze tofali moja kwa kila kumi, kwa ajili ya zitakazovunjika.

"Elfu sita na mia sita," alisema Venanti kwa sauti ndogo.



"Tukinunua tofali, bati hakuna," alisema Yasmini. "Na kuta za tope bila paa, mvua itazilamba. Mtapoteza tofali na bati pia. Sisi kwetu tunasema, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

Theodosia aliingia ndani kwa kupitia mlangoni, kama desturi yake. Alizunguka sebule. Aliwaona tena wageni wake wamekaa, taa inawaka, binti yake Rosa amerudi kutoka shuleni anasoma mezani. Alikuwa amekaa na watu hao kiangazi kizima. Kisha akasikia kikohozi cha Bibi Jeanne kutoka kibandani.

"Fundi," aliuliza bila kugeuka, "hili tope limeshika?"

"Si kama simenti, mama Rosa. Tofali linang'oka zima."

"Vyumba viwili tu, cha Bibi na chetu, vinahitaji ngapi?"

Yasmini alipima, wakahesabu kwa njia ileile. Hazikufika elfu mbili na mia sita. Ukijumlisha zilizokuwa ukutani na lile fungu, zilitosha.

"Basi bomoeni sebule," alisema Theodosia.

"Mama Rosa..." Venanti alianza.

Tayari Theodosia alikuwa ameshang'oa tofali la kwanza. Aliling'oa mwenyewe, akalibeba mpaka kwenye ukuta wa chumba cha Bibi. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. Iliuma, na aliyemwona alijua kuwa inauma.

Kesho yake kazi ilianza upya. Walibomoa sebule na chumba cha tatu mpaka msingi, na msingi wenyewe wakauacha. Pale ambapo sebule ingeungana na vyumba, Castory aliacha tofali zimechomoza kama meno, ili ukuta wa mwakani upate pa kushika.

Kwenye bati nako Theodosia hakukubali makadirio ya jicho.

"Sakafu ina mita sita kwa tatu," alisema. "Tununue bati za kufunika hapo?"

"Paa hutoka nje ya ukuta, tena huinama," alieleza Yasmini. "Pima urefu wa mteremko, siyo sakafu. Na bati hulalia bati mwenzake, kwa hiyo kila moja hupoteza upana kidogo. Ukisahau hilo, utabaki na mwanya mahali pa bati moja."

Walikwenda Kibondo mjini, wakauliza bei maduka matatu kabla ya kufungua pochi. Yasmini aliwakumbusha vitu vidogo ambavyo watu husahau: misumari, kitasa, gari la kubebea, chakula cha mafundi. Vidogo hivyo, ukivijumlisha, si vidogo. Waliweka na akiba kidogo pembeni. Safari hii hesabu ya kwenye karatasi na hela ya mfukoni zilisalimiana. Venanti alichimba mtaro kuzunguka nyumba, ili maji ya mlimani yapite mbali na ukuta.

Castory naye alinunua futikamba. Sasa akiitwa kujenga, hupanga kwanza mita yake ya mraba chini, mwenye nyumba akitazama.

Mvua ya kwanza ilimkuta Theodosia sokoni. Ilikuwa alasiri. Alisikia ngurumo, akaacha mizigo kwa jirani wa meza, akakimbia. Alikuwa amesahau kabisa kwamba Bibi alishahamia chumba kipya. Miguu ilimkumbuka mgonjwa wa mwaka jana, ikakimbia.

Alifika amelowa chapachapa, akayaruka maharage aliyokuwa ameyaanika uani. Kibanda cha nyasi kilikuwa kimelala upande. Alisukuma mlango wa mbao, akaingia chumbani.

Bibi Jeanne alikuwa kitandani, amejifunika blanketi, mikono mikavu kifuani. Mvua ilipiga bati kwa kishindo kiasi kwamba chumba kizima kiliimba. Bibi alifungua mdomo akasema neno, lakini halikusikika.

"Unasemaje, mama?" Theodosia aliinama, akamwekea sikio karibu.

"Nimesema nenda kaanue maharage yako," alisema Bibi Jeanne. "Hayo ndiyo yananyeshewa. Mimi sinyeshewi."