Maziwa ya Sikukuu

Kwa jina la Mola Mrehemevu, aliyeharamisha kilevi kwa kuijua mizizi yake ndani ya mwanadamu, akawahalalishia waja wake machozi. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Gaju alikuwa mpishi wa karamu mjini Louisville, Marekani. Babake, mzee Muhoza, aliishi Whitehall, ubavuni mwa Columbus, pamoja na Mukandoli, shangazi yake Gaju. Ndahiro, dereva wa lori, makazi yake yalikuwa Lackawanna, kusini mwa Buffalo. Wote walikuwa watu wa milima ya Kivu ya Kusini, Wakristo wacha Mungu, waliolelewa kwa maziwa ya ng'ombe kabla vita havijawatawanya.

Gaju na Ndahiro walikutana katika soko la jumla la Louisville, Novemba ya mwaka 2014, watu wakisukumana kutafuta vyakula vya sikukuu ya Shukrani. Gaju, aproni nyeupe kifuani na kitambaa cha rangi ya zabibu kichwani, alikuwa akichagua matufaha katika kreti ambayo Ndahiro hajamaliza kuishusha.

"Dada, unaiba mbele ya mwenyewe?"

"Nani aibe haya? Bon, umeyatoa wapi, kaburini?"

"Buffalo."

"Donc ni kaburini kweli. Nasikia theluji imewafunika mpaka madirishani."

Ndahiro akacheka, naye akaondoka na namba ya simu ya Gaju. Tangu siku hiyo njia ndefu ikawa fupi kwake.

"Leo unapika nini, malkia wangu?" akamuuliza siku moja simuni.

"Paja la nguruwe lililopakwa sukari na burboni, ile wiski yao ya mahindi. Viazi vitamu kwa burboni. Pai ya njugu, burboni. Hata mkate wa maziwa wanaumwagia mchuzi wa burboni! Watu wa huku, sheri, hawajui sikukuu isiyolewa."

"Na wewe unaonja?"

"Mimi? Haijagusa ulimi wangu. Wenzangu huchovya kidole. Mimi hupima kwa macho."

Ndahiro akamfungulia moyo. Kambini Burundi, alipokwisha kuwazika kaka zake, alikunywa hata akawa wa kuokotwa mitaroni. Maombi ya kanisa ndiyo yaliyomwinua.

"Tone moja, Gaju, nami nimekwisha."

"Basi halitapita kwangu."

Gaju hakumficha babake jambo hilo. Mzee Muhoza alitafakari sana, akakubali posa kwa sharti moja: siku atakayosikia harufu ya pombe kwa Ndahiro, hakuna ndoa.

Posa ikawekwa wiki ya Krismasi ya mwaka uliofuata. Gaju alifika Whitehall na masalio ya karamu aliyopewa na mwajiri wake, pamoja na mtungi wa maziwa mazito yaliyopigwa kwa mayai, sukari na kungumanga. Kwa mwajiri mitungi ilikuwa miwili, mmoja wa watoto, mwingine wa wakubwa, nayo ilifanana. Mpishi mwingine yeyote angechovya kidole akajua. Gaju alipima kwa macho.

Alasiri Ndahiro akaingia, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, theluji mabegani.

"Mkwe amevaa kama bwana harusi tayari!" Mukandoli akamtania. "Umekuja kuposa au kumchukua kabisa?"

"Nikiruhusiwa, shangazi, hata sasa hivi."

Kwa desturi yao mkwe hupokewa kwa maziwa. Mukandoli aliyatazama ya dukani, akayaona maji matupu. Yale ya mtungini yalikuwa mazito kama ya ng'ombe wao wa milimani. Akayamimina. Mzee Muhoza akampa Ndahiro kikombe kwa mikono miwili.

Funda la kwanza likamchoma. Akaelewa. Lakini kuyakataa maziwa ya baba ni kumkataa binti, na kumwambia mzee kuwa maziwa yake ni pombe ni tusi lisilofutika. Ndahiro akanywa mpaka tone la mwisho.

Mzee alipomkumbatia, harufu ikampanda puani.

"Umekuja kuposa nawe umelewa?"

Ndahiro akamtazama Gaju, akitaraji neno. Gaju, akidhani mwenzake ameangukia pombe tena njiani, aliinamisha uso. Ndahiro akalisoma lile kama hukumu. Akachukua koti, akatoka bila kujitetea.

Jioni Mukandoli alijimiminia naye, akapiga ukelele. Gaju akaonja, mara ya kwanza maishani mwake, akaketi sakafuni.

Simu ya Ndahiro haikupokelewa kwa majuma. Ilipopokelewa, sauti ilikuwa nzito.

"Ulinijaribu, Gaju?"

"Sikujua! Mungu anaona, sikujua!"

"Nakuamini. Ila koo langu halijui kusamehe."

Gaju akapanda basi hadi Buffalo. Alimkuta Lackawanna katika chumba cha baridi, ndevu zimevurugika, kazi ya lori imekwisha. Walikumbatiana na kulia. Mzee Muhoza aliomba radhi kwa simu, akimwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza.

"Nioe hivyo hivyo," Gaju akasema. "Nitakuuguza."

"Mlevi haoi, mpenzi, huajiri muuguzi. Ngoja kwanza nipone."

Akaingia nyumba ya tiba. Akatoka, akaanguka, akaingia tena, akatoka. Gaju alihamia Buffalo, akawa anatunza wazee katika kitongoji cha Amherst, na kila Jumapili aliketi naye kanisani, mikono yao imeshikana, pete haijavaliwa. Ilipofika baridi ya pili, Ndahiro alikutwa asubuhi amekufa kando ya reli, theluji imemfunika.

Gaju ndiye aliyemwosha uso.

Ewe Mola, Mwenye rehema isiyouliza kabila wala dini ya mfiwa, mpe binti huyu subira. Umwondolee baba mzee uzito wa neno alilolisema kwa haraka. Umpe Mukandoli usingizi. Na wote waliobaki uwakunjulie njia iliyo nyepesi kuliko hii. Amin.