Kofia ya Wazee kwa Mwanasesere wa Karatasi

"Kaka, uko unaniziba mwangaza!"

Ndivyo walivyoanza, katikati ya soko la Sake, pikipiki zikipiga honi na akina mama wakigombania maharagwe. Wivine, kitambaa cha njano kichwani, alikuwa ameinama juu ya meza yake akimpakia mwanasesere wa karatasi gauni la bibi zetu wa enzi ya Wabelgiji: mikono iliyofura, kola ya lesi, na kila kitundu cha lesi amekichora kwa ncha ya burashi. Aliyemziba alikuwa Floribert, kijana wa Walikale aliyeleta mafuta ya mawese kwa pikipiki, koti lake la ngozi limejaa matope hadi shingoni.

"Pole, dada. Huyu mama iko anaenda wapi amevaa hivi?"

"Kwa misa."

"Na bwana yake?"

"Hana."

"Na weye?"

"Miye niko kwa kazi. Toka!"

Hakutoka, mjinga yule. Alikaa mpaka rangi ikakauka.

Simu zikafuata. Wivine alikuwa ameikimbia vita ya Nyabiondo, akahamia Lushebere. Mama yake alimzika hukohuko, na ndugu hakubaki hata mmoja. Upweke unauma, asikudanganye mtu. Jioni simu ikilia, ugali uliachwa ukapoa.

"Cheri, umekula?"

"Ninakula sauti yako."

"Utakonda, mama!"

Siku moja Floribert alimkumbuka marehemu baba yake, akaeleza kofia aliyovaa kama mzee wa mila wa ukoo wao: manyoya mekundu ya kasuku, ngozi, simbi zilizopangwa mbele. Alieleza huku sauti ikikatika kwa kilio. Katika huzuni ile akasahau kusema kwamba kwao mwanamke haruhusiwi kuiona.

Sasa sikiliza. Wivine alikuwa na desturi yake: hapaki vazi lolote la zamani kabla ya kuwauliza wazee wa wenye vazi. Mara hii hakuuliza. Alitaka kumshangaza mpenzi wake, basi. Akapaka unyoya mmoja mmoja, akakata vishikio vya karatasi vya kukunjia kichwani, akamvika mwanasesere wa kiume na kumsimamisha mezani sokoni.

Akapita Papa Sébastien, baba mdogo wa Floribert, aliyekuja kununua chumvi. Akasimama ghafla.

"Nani alikuambia hii kofia?"

Wivine akatabasamu kwa majivuno. "Floribert, Papa. Njo yeye muchumba wangu!"

Mzee akamlaza mwanasesere kifudifudi. "Kwetu mwanamuke haangalie hii kitu. Na mwanaume mwenye anamwambia, tunamutosha kwa ukoo, tunamufukuza."

Ole wake! Wivine aliichana kofia palepale, vipande vidogo vidogo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga kesho yake, ikawa imezimwa. Akajua amechukiwa. Akawa anasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, anaula peke yake, halafu anawalaumu majirani kwa kucheka.

Mchana mmoja wa mvua, Floribert akasimama mlangoni pake Lushebere. Amekonda, viatu vimepasuka.

"Umekuja kunitukana?"

"Simu walininyang'anya, cheri. Wazee waliniita mbele yao. Walisema: sema huyu mwanamuke humujue, siri aliisikia kwa mutu mwingine, tutakusamehe."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema ninamujua."

Wivine akakaa chini.

"Basi, njo wamenitosha kwa ukoo. Hata kwa kaburi ya papa yangu sitafika tena."

"Rudia kwa wazee, Floribert. Uwaambie hunijue. Miye nimezoea kukaa peke yangu."

"Muongo. Hakuna mutu anazoea." Akachuchumaa mbele yake. "Nikuoe?"

Moyo ulimruka, lakini alikuwa binti aliyelelewa. "Mbuzi ya mahari, nani kwenu atamuleta?"

Floribert akafikiri, akawapitia wajomba na kaka zake wote kichwani. "Hakuna."

"Na kwetu nani atamupokea?" Akajijibu mwenyewe, taratibu. "Hakuna."

Wakatazamana. Wakacheka, kicheko kile cha matangani, kikawakatikia midomoni.

"Nitamuleta miye mwenyewe," akasema Floribert. "Nitamuvuta kwa kamba mpaka hapa."

"Basi nitamupokea miye," akasema Wivine, machozi yakimtiririka. "Ukifika, bisha hodi kama mugeni."